Barua ya wazi kwa wanangu mnaotaka harusi ndogo ya mjini

Wanangu mnaojiandaa kuoana,

Siku hizi wengi wenu mnanijia na ombi lile lile: shangazi, tunataka harusi ndogo, hapa hapa mjini, watu tunaowajua, tusichoke. Nafurahi kusikia hivyo. Nimesaidia kuandaa harusi nyingi, kubwa na ndogo, na zile ndogo ndizo ninazozikumbuka sura kwa sura. Ila nimeona pia jinsi harusi ndogo inavyonenepa kimyakimya, na kila mara hunenepea kwenye orodha ya wageni.

Binti yangu wa kwanza nilimwoza kwa orodha ya watu 40. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari, kwa kalamu ya buluu. Kisha nikaongeza jirani mmoja kwa kumwonea haya, huyu kwa kalamu nyekundu. Ukishamwalika jirani wa kulia, wa kushoto utamtazamaje? Daftari likajaa wekundu. Siku yenyewe walikuja watu 110, na chumba kilikuwa cha watu 60. Mwanangu alisimama mlangoni akipeana mikono kwa muda wa saa mbili, na alipokaa chakula chake kilikuwa kimeshapoa. Rafiki yake aliyesafiri usiku kucha aliondoka wakiwa wamesalimiana tu. Binti hakunilaumu hata siku moja, lakini naliona kosa lile hadi leo, na lilikuwa langu.

Basi kaeni wawili, bila mimi na bila mama zenu. Kila mmoja aandike majina yake peke yake, kisha mlinganishe. Kwa kila jina jiulizeni: huyu nikikaa naye nusu saa siku ile, nitafurahi? Fanyeni na hesabu hii. Sherehe ya saa nne ni dakika 240. Mkiwa na wageni 30, kila mmoja ana dakika nane zenu. Wakiwa 150, hata dakika mbili hazifiki. Mkishapata idadi, ndipo mtafute ukumbi. Wengi huanza na ukumbi, wakapenda mmoja wa watu 100, na viti vitupu vikaanza kuwaomba majina.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo wengi hulikwepa: wale msiowaalika. Mtu haumizwi sana na kukosa mwaliko kama anavyoumizwa na kuiona harusi yenu kwenye picha, kwenye simu ya mtu mwingine. Wapigieni kabla kadi hazijatoka. Msitume ujumbe; pigeni, wasikie sauti. Semeni wazi: tunaoana tarehe fulani, tutakuwa watu 30 tu, nimetaka usikie kutoka kwangu. Msimsingizie mwenye ukumbi, wala msiseme hali ni ngumu kama si ngumu, maana uongo wa harusi hujulikana wiki hiyo hiyo. Na msijitetee kwa kutaja nani kaalikwa na kwa nini. Mwenzenu akinyamaza kidogo, mwacheni anyamaze, msikimbilie kumwambia "basi njoo". Hapo ndipo daftari langu lilipoanza kuwa jekundu.

Kwa ndugu, wekeni mpaka unaoeleweka. Binamu wote, au binamu hakuna. Ukimchukua mmoja kati ya saba kwa sababu mmelelewa pamoja, wale sita hawatasikia hiyo sababu. Kwenye kadi andikeni majina kamili ya wanaoalikwa, kwa sababu neno "familia" kila mtu ana hesabu yake.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka, ila yasiachwe mwishoni. Nendeni kwa msajili wa ndoa kabla hamjamtajia mtu tarehe. Kila nchi ina utaratibu wake: England na Wales, kwa ndoa ya serikali, hutaka taarifa ya siku 28 kamili, Ufaransa hubandika tangazo la ndoa kwa siku 10, mjini New York, ukishapata leseni, kwa kawaida unasubiri saa 24 ndipo ufunge ndoa. Ulizeni nyaraka gani zinahitajika, mashahidi wangapi, chumba kinaingiza watu wangapi, na mmepewa dakika ngapi kabla ya wanaowafuata. Kama mnataka bustani ya umma, ulizeni pia habari ya kibali.

Uzuri wa mji ni kwamba vitu viko karibu, basi utumieni. Pa kufungia ndoa na pa kulia chakula pawe mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kwa viatu mtakavyovaa siku ile. Tembeeni njia hiyo wenyewe siku kama hiyo ya wiki, saa kama hiyo. Mtaiona foleni, mtasikia nyundo za jengo linalojengwa jirani. Hesabuni ngazi. Nilihudhuria harusi moja nzuri sana iliyofanyika ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na bibi yake bwana harusi akabaki chini kwenye kiti cha mlinzi, anasikia vigelegele kwa mbali. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyezipanda zile ngazi akimfikiria yeye.

Mkiwa ndani ya chumba, pigeni kofi moja. Mlio ukibaki hewani, maneno yenu ya kiapo yatavurugika. Tafuteni kwingine au wekeni mapazia mazito. Chumba kikiwa kimya, watu 30 watawasikia bila kipaza sauti, nami napenda hivyo, kwa sababu sauti ya mtu anayeapa hutetemeka kidogo na kipaza huumeza ule mtetemo. Meza ya duara ya sentimita 150 hukaa watu wanane. Lakini kwa watu 30 mimi ningepanga meza moja ndefu, 15 kila upande. Kila mtu apewe sentimita 60, basi mnahitaji mita tisa. Pimeni kwa kamba, msikadirie kwa macho.

Picha zipigwe saa moja kabla ya jua kuzama, mwanga ukiwa laini. Lakini katikati ya maghorofa jua hupotea mapema kuliko saa ya kalenda, basi nendeni siku moja mkaangalie linapojificha. Baada ya picha acheni saa nzima isiyo na ratiba. Mshereheshaji atataka kuijaza. Mkatazeni kwa upole. Na simu zenu mpeni mtu mmoja mtulivu awajibu waliopotea njia.

Kama jina langu halimo kwenye orodha yenu, nipigieni mapema. Nitawauliza tu mnaapa saa ngapi, ili saa hiyo niwe nimekaa mahali nawaombea.

Shangazi yenu