Barua kwa wanafunzi wangu wa Kakuma mnaorudi Juba

Wanangu,

Salamu kutoka Eldoret. Mvua imeanza, na goti langu lilijua kabla ya redio.

Mwezi huu watano kati yenu mmenipigia simu, kila mmoja kwa maneno yake, lakini ombi ni lilelile: "Ustaz, tunarudi Juba, tuandikie kikaratasi kwa yule mtu wetu wa wizarani atupatie kazi." Nimeona heri niwajibu pamoja, tena hadharani, asije mmoja akasema nilimpendelea mwenzake. Kikaratasi siandiki. Naandika hii.

Mnakumbuka hesabu nilizokuwa nikiwatungia katika kambi ya wakimbizi? Kisima kikitoa mapipa kadha kwa siku, na pipa likiuzwa dola kadha, tutajenga shule ngapi kwa mwaka? Nilidhani ni hesabu ya kuzidisha. Kumbe ilikuwa ya kutoa.

Siku tuliyopandisha bendera ya Sudan Kusini huru, 9 Julai 2011, visima vyetu vilikuwa vikitoa mapipa kama 350,000 kwa siku, na katika kila dola 100 za serikali, 98 zilitoka kwenye mafuta. Tangu hapo nchi imepokea zaidi ya dola bilioni 20 za mafuta. Mei 2012, kabla hata bendera haijamaliza mwaka, Rais Salva Kiir aliwaandikia barua viongozi 75, waliokuwa madarakani na waliokwisha kutoka, akiwasihi warudishe fedha za umma. Barua yenyewe ilitaja kama dola bilioni 4 zisizojulikana zilipo. Akaunti ikafunguliwa hapa Kenya ili mwenye kutubu aweke pesa humo, naye akaahidiwa msamaha na jina lake kufichwa. Mwizi wa kuku pale Kakuma hakuandikiwa barua, mnajua alifanywa nini.

Kabla ya hiyo kulikuwa na sakata la dura, yaani mtama. Makampuni yalilipwa na serikali ya Kusini yalete mtama na kujenga maghala, na mengi hayakuleta hata debe moja. Halafu ukaja mpango wa mafuta kwa barabara, mapipa kwa maelfu yakitengwa kila siku ili Juba iunganishwe na majimbo kwa lami. Septemba 2025 tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilisema dola bilioni 1.7 za mpango huo hazionekani zilifanya kazi gani. Serikali imekana. Mimi sina haja ya kubishana na yeyote: mwenye shaka apande lori msimu wa mvua, ashuke asukume, kisha tuongee.

Na Februari 2017 njaa ilitangazwa rasmi Leer na Mayendit, katika jimbo la Unity. Jimbo la visima, wanangu. Watu walikula mizizi ya yungiyungi juu ya ardhi yenye mafuta.

Haya yote mnayajua, na mkikutana mnayasimulia hadi usiku wa manane. Mkimaliza, mmoja hutoa methali: samaki huoza kuanzia kichwani. Mnaridhika, mnalala. Methali hiyo imewafaa sana wale wa mkiani. Maana dola bilioni 4 hazibebwi na watu 75 mikononi. Kuna karani aliyeandika hundi. Kuna mtunza stoo aliyekiri kupokea mtama ambao hakuuona, na mhandisi aliyethibitisha kilomita ambazo hakuzitembea. Na huku Nairobi yupo wakili, yupo wakala wa nyumba Lavington ambaye hakuuliza mtumishi wa serikali amepata wapi pesa taslimu za jumba la ghorofa. Baadhi yenu mmefanya kazi na mawakala hao. Nawajua kwa majina na sitawataja, ingawa si kwa sababu zile za ile barua ya 2012.

Nami sijitoi. Nilirudi 2007, nikapewa kazi ya stoo katika idara ya elimu ya jimbo moja. Mwaka wangu wa pili likaja faili la madawati 600. Mwanakandarasi alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita mjomba. Alisema lori limekwama njiani, madawati yatafika wiki ijayo, ila mwaka wa fedha unafungwa kesho na nisipotia sahihi ya kupokea, pesa zitarudi Juba na watoto watakosa kabisa. Bosi wangu alisimama mlangoni, hakusema neno. Tulikuwa msituni pamoja, yeye na mimi, na aliwahi kunibebea bunduki nilipougua. Nikatia sahihi. Sikupewa hongo, hata soda. Labda ningepewa ningeshtuka.

Lile lori halijafika mpaka leo. Watoto waliendelea kukalia matofali.

Ndiyo maana siandiki kikaratasi. Mkiingia ofisini kwa kikaratasi changu, siku ya faili la madawati mtakuwa mmekwisha kulipwa. Mwenye kukupa kiti kwa undugu hakudai shukrani, anadai sahihi. Ombeni kazi kwa vyeti vyenu. Mkikosa, kukosa huko kuna nafuu: walimu na askari waliokuwa kazini 2024, bomba lilipopasuka upande wa Sudan na mafuta mengi yakakatika, walikaa miezi na miezi bila mshahara, na wengi walirudi kuchoma makaa.

Mkipata, basi msitie sahihi kwa kitu ambacho hamjakihesabu kwa vidole. Gari likiwa njiani, subirini lifike. Watasema unachelewesha maendeleo. Watasema hukulala msituni, wewe mtoto wa kambi uliyekula unga wa msaada. Hilo litawauma, kwa sababu ni kweli. Wajibuni kwa heshima, kalamu ikiwa imefungwa.

Tena ulizieni asilimia 2 na 3. Sheria yetu inasema asilimia 2 ya mapato ya mafuta iende kwa jimbo lenye visima na 3 kwa jamii zinazoishi hapo. Nendeni payam ya nyumbani, yaani tarafa yenu, muulize chifu ziliingia lini, kiasi gani, nani alipokea. Muulizeni hata kama ni mjomba wako, hasa kama ni mjomba wako. Nimechoka kusikia vijana wa kila kabila wakihesabu "wao wamekula miaka mingapi, sisi zamu yetu lini". Desemba 2013, vita vilipozuka, nilitoka Juba kwa miguu nikiwa na watu waliokuwa wakihesabu hivyo, pande zote mbili.

Mama yenu anawasalimu, anauliza nani kati yenu ameoa bila kumwambia.

Mkipita Eldoret kabla ya safari, njooni nyumbani. Ndani ya sanduku la bati nina nakala ya karboni ya ile hati. Wino umefifia, lakini "600" inasomeka, na jina langu pia.

Ustaz wenu