Watahiniwa wa Kidato cha Nne Waachiwe Jezi Zao

Mhariri,

Katika shule nyingi za sekondari, ukiingia Kidato cha Nne unaambiwa urudishe jezi ukasome. Mimi ni mmoja wa walioambiwa hivyo. Ni nahodha wa timu ya besiboli shuleni kwetu hapa Kisumu, na ndimi mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago.

Wasomaji wengi hawaujui mchezo huu, kwa hivyo nieleze kidogo. Timu inayolinda ina wachezaji tisa uwanjani. Wanane wanamtazama mpigaji wa timu pinzani, mwenye gongo. Mdakaji peke yake ndiye aliyegeukia uwanja, wenzake wote wakiwa mbele ya macho yake. Anamwonyesha mrushaji kwa vidole aina ya mpira wa kutupa, anamwashiria mlinzi wa besi ya pili (besi ni vituo ambavyo wakimbiaji hukimbilia) asogee. Nilipopewa glavu ya mdakaji Kidato cha Pili, nilikuwa kijana asiyeinua mkono darasani hata jibu akilijua. Pale nyuma huwezi kunyamaza. Ukinyamaza, mkimbiaji anaiba besi, yaani anaifikia bila mpira kupigwa, na timu nzima inaumia.

Mrushaji wetu yuko Kidato cha Tatu. Ana mkono wenye nguvu ajabu, lakini akikosea mara mbili mfululizo moyo unamvunjika, na mipira minne mibaya humpa mpinzani besi ya bure. Kutoka kwangu hadi kwake ni zaidi ya mita 18. Naomba muda, natembea hadi alipo, na simtajii mchezo kabisa. Namuuliza mpunga wa kwao Ahero umefika wapi. Akicheka, narudi mahali pangu. Kazi hiyo sikuisoma kitabuni, na naomba walimu wetu waihesabu kuwa elimu.

Besiboli pia imenizoesha kukosa mbele ya watu. Hata kwenye ligi kuu ya Marekani, mpigaji anayefaulu mara tatu kwa kila kumi huheshimiwa sana. Nilipopata D ya hesabu, niliipeleka karatasi kwa mwalimu siku ile ile anionyeshe nilipopotea. Na timu yetu ina sheria tuliyojiwekea wenyewe: asiyemaliza kazi ya prepu hashiki gongo kesho yake. Anayekagua madaftari ni nahodha.

Majirani wametutangulia. Vuka mpaka pale Busia, shika barabara ya Kampala, ukishapita Jinja utafika Lugazi. Mwaka 2012 watoto wa mji huo walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akaingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Serikali yetu nayo imeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Wadogo zetu wanaruhusiwa kuisomea michezo darasani, nasi tunaambiwa michezo itatuangusha mtihani. Maneno hayo mawili hayapatani.

Wasiwasi wa wazazi naujua. Mama yangu anauza omena soko la Kibuye, karo haipatikani kwa urahisi, na ana haki ya kuona alama nzuri.

Kwa hivyo siombi tucheze hadi Novemba. Naomba walimu wakuu watuachie hadi mwisho wa muhula wa pili, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Mdakaji atakayenirithi bado hajazishika ishara zote, na siwezi kumfundisha nikiwa nimefungiwa darasani.

Nahodha, Kidato cha Nne,
Kisumu