Barua kwa mwanangu: Injili ya nani?

Mwanangu,

Uliniuliza nani amesema kweli juu ya wokovu, Biblia au Qurani. Tazama kwanza unapima nini na nini, maana mabishano mengi huharibikia hapo.

Chukua neno Injili. Mwislamu akilitaja, anakusudia kitabu alichopewa Isa, kama Musa alivyopewa Taurati na Daudi Zaburi. Mkristo anakusudia habari njema juu ya Yesu, iliyoandikwa mara nne: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Basi mmoja anauliza, "Injili ya Isa mwenyewe iko wapi?", mwenzake anamfungulia Marko, na kila mmoja anadhani mwenziwe ni mbishi.

Hata vitabu vyenyewe si pacha. Qurani, kwa Mwislamu, ni maneno ya Mungu yenyewe: sura 114, zilizoteremshwa kwa Mtume Muhammad kwa Kiarabu katika miaka kama 23. Tafsiri huhesabiwa kuwa maelezo ya maana tu. Biblia ni kabati la vitabu, 66 kwa Waprotestanti na 73 kwa Wakatoliki. Waliviandika watu kwa uvuvio wa Roho, kwa Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki, na ikitafsiriwa hubaki Biblia. Neno la Mungu lililoshuka, kwa Mkristo, ni Yesu (Yohana 1:14). Kinachokaa mahali pa Qurani katika Ukristo ni mtu, si kitabu.

Kuhusu wokovu utasikia kwamba Mwislamu huokoka kwa matendo na Mkristo kwa imani. Maneno ya haraka hayo. Mizani ya amali ipo kweli (sura 23, aya 102 na 103), lakini katika Bukhari na Muslim, vitabu vya hadithi za Mtume, Mtume anasema hakuna atakayeingia Peponi kwa amali zake, hata yeye, ila Mungu amfunike kwa rehema. Wakristo nao hunukuu Waefeso 2:8-9, neema na si matendo, kisha wengi huiruka aya ya 10, inayosema tuliumbwa tutende matendo mema. Yakobo 2:24, isemayo mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake, ndiyo hawaigusi kabisa.

Wanapoachana ni kwenye ugonjwa wenyewe, yaani dhambi. Katika Qurani, Adamu alitubu akasamehewa (2:37), na hakuna abebaye mzigo wa mwingine (6:164). Mtoto huzaliwa hana dhambi, anachohitaji ni mwongozo na toba. Kwa Paulo, dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja (Warumi 5:12), na binadamu hawezi kujitoa humo. Lazima mwingine aubebe mzigo wake. Ndiyo sababu msalaba, ambao Mkristo hana wokovu pasipo huo, Mwislamu hauhitaji. Tena anasoma katika 4:157 kwamba Isa hakusulubiwa.

Ukifika hapo na rafiki yako, usihangaike kutafuta maana ya neno. Hapo wote wawili mmeelewana vizuri, na hamkubaliani.

Mama yako