Programu isiseme "sawa" ilhali kazi imeharibika

Mhariri,

Zipo ofisi hapa Mombasa, za kutoa mizigo Kilindini na za maduka ya jumla, ambazo hesabu zao hunakiliwa kila usiku kwa programu huria za kuandikiwa amri. Hakuna anayekesha kuzitazama. Skripti, yaani faili ya amri zinazojiendesha zenyewe kwa mfuatano, huamini kitu kimoja tu: namba inayoachwa na programu inapomaliza kazi. Sifuri ni salama; namba nyingine yoyote, hadi 255, ni tatizo.

Ndiyo maana programu inayoandika "imeshindikana" kisha ikaacha sifuri ni hatari kuliko ile inayoanguka waziwazi. Skripti huona sifuri, hufuta nakala ya juzi, na asubuhi hakuna aliye na habari. Tena mara nyingi programu hiyohiyo faili ikikosekana huacha 1, lakini ikinyimwa ruhusa ya kusoma huacha 0. Mafundi wetu hulitatua jambo hili kwa viraka vya skripti, wakalalamika kwenye makundi ya WhatsApp, na watunzaji wa programu hawajui kitu.

Tuwape ripoti inayofaa. Tengeneza folda tupu, weka faili moja, iondolee ruhusa zote kwa amri ya chmod 000, kisha endesha programu hivi, jina lake likiwa mahali pa "amri" na la faili mahali pa "faili":

amri faili >toka.txt 2>kosa.txt; echo $?

Hapo ujumbe wa kawaida na wa makosa hutengana, na namba huonekana. Hiyo echo ifuate papo hapo, kwa sababu amri yoyote ikiingia katikati huifuta namba. Usiwe root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, unapojaribu: root hupita hata pasipo ruhusa, na hitilafu haitaonekana. Tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri ili ujumbe usitafsiriwe, utoke kwa maneno ambayo mtunzaji anaweza kuyatafuta katika msimbo wake. Ambatanisha toleo la programu na la mfumo, matokeo uliyoyapata na uliyoyatarajia. Nywila na majina ya wateja yaondolewe kabla hujatuma.

Ila mwongozo usomwe kwanza, maana si kila sifuri ya kushangaza ni hitilafu. Programu ya curl, ya kuvuta data mtandaoni, ikijibiwa 404 (ukurasa haupo) na seva huacha 0, kwa kuwa kwake mawasiliano yamefanikiwa. Ukiongeza chaguo la -f huacha 22. Jina la seva lisipopatikana ni 6, muda ukiisha ni 28. Nayo grep, ya kutafuta maneno katika faili, huacha 1 isipopata neno, na 2 pakiwa na kosa lenyewe. Yote hayo yameandikwa, na kuyaripoti ni kumpotezea mtunzaji muda, naye aghalabu halipwi.

Kuna mtego mwingine unaowaumiza wengi: mysqldump | gzip, yaani programu ya kutoa nakala ya hifadhidata ikipeleka matokeo moja kwa moja kwa ile ya kubana faili. Nywila ikikataliwa, mysqldump hushindwa, lakini gzip hubana utupu na kuacha faili ya baiti 20. Namba inayobaki ni ya gzip, yaani 0. Ukikuta nakala ya usiku ina baiti 20, ndani hamna hata herufi moja. Hapo gzip haina kosa. Weka set -o pipefail mwanzoni mwa skripti ili kushindwa kwa mysqldump kuonekane katika namba, na mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash ili skripti iendeshwe na bash, kwani kwenye Debian na Ubuntu sh ya kawaida ni dash wala si bash.

Hitilafu ikithibitika, usidai ibadilishwe kesho. Kuna skripti za watu wengine zinazotegemea ile sifuri mbovu. Pendekeza chaguo jipya la kuwasha ukali, yaani la kuifanya programu iache namba ya kosa, au mabadiliko yangoje toleo kubwa linalofuata. Kiingereza kisikuzuie kuandika: amri, matokeo na namba vikiwa kamili, sentensi mbili za maelezo zinatosha.

Mafundi wa kompyuta,
Tudor, Mombasa