Salamu za Krismasi kutoka Kahawa West

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Heri ya Krismasi. Nairobi imeanza kupungua watu. Mabasi ya kwenda bara na pwani yanajaa tangu alfajiri, na majirani wetu wawili wameshafunga nyumba wakaenda. Sisi mwaka huu hatusafiri. Mama alipasuliwa jicho mwezi uliopita, na dawa ya matone haijaisha.

Mmezoea kupata kwangu kadi ya mistari miwili. Leo nivumilieni.

Tangu Januari mtoto wa jicho alikuwa amemzidi Mama, hata Biblia yake ya maandishi makubwa ikamshinda. Basi kila jioni tukishakula nilikuwa namsomea. Tulianza na Zaburi tu. Kisha Mei 28 Ngũgĩ wa Thiong'o akafariki huko Marekani, nami nikaitoa rafuni riwaya yake, Shetani Msalabani. Mama aliposikia jina la kitabu akanikatiza: "Msalaba si wa kuchezea, mwanangu." Nikamwomba anipe kurasa kumi tu. Mwanzoni mwake msichana Wariinga, mhusika mkuu, anaota Shetani anasulubiwa na watu waliovaa matambara, kisha wenye suti wanakuja kumshusha. Mama alikaa kimya, halafu akasema, "Basi huyo si Bwana wetu. Endelea." Tukaendelea hadi mwisho, na zile hotuba za wezi wanaoshindana kujisifu alinirudisha nizisome mara mbili.

Kitabu hicho Ngũgĩ alikiandika kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kushtakiwa. Alichukuliwa nyumbani kwake mwisho wa Desemba 1977, akaachiliwa Desemba 12, 1978. Kamiti ni hapa hapa kwetu. Nimepita njia ile kwa matatu miaka mingapi sijui, nikiwaza nauli na mboga za jioni.

Ndipo Mama akakumbuka: "Na yule kijana wa kwetu Mombasa, si naye alifungwa kwa kuandika?" Alikuwa anamsema mshairi Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akahukumiwa miaka mitatu, na sehemu ya kifungo hicho aliimaliza Kamiti, peke yake chumbani. Mashairi aliyoyaandika humo, naye pia kwenye karatasi za chooni, ndiyo Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973. Kitabu hicho nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba mjini, jalada limechakaa, kurasa zote zipo.

Hapa ndipo mwaka wetu ulipogeuka. Mimi nimekulia Nairobi, na Kiswahili changu ni cha Nairobi. Mama ni mtu wa Frere Town, pale Kisauni, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Ile kengele ya Kengeleni, ambayo zamani ililia kuwaonya watu kwamba wakamataji wanakuja, ameipita tangu utotoni. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kiko masikioni mwake. Nilipofika shairi la "Kuno Kunena" ulimi ukanisokota, ku na no na ni zinapandana, nikataka kuruka. Akanizuia. Akaanza kunifundisha polepole, neno kwa neno, huku amefumba macho yasiyoona vizuri. Nilikuwa msomaji, nikawa mwanafunzi. Tulipofika neno kukomea alinyosha mkono hewani akasukuma kitu: komeo la mlango, lile la mti, la nyumba ya bibi yake. "Likishasukumwa upande wa pili," akasema, "wewe wa huku huna la kufanya."

Shairi moja humo, "N'shishiyelo ni Lilo", alilitaka kila wiki. Mtu anasema hataliachia lile analolishika. Mama hakulifanya kuwa shairi la Kikristo, wala mimi sikutaka alifanye. Abdilatif ni Mwislamu, na Ngũgĩ alitamka waziwazi kwamba yeye si Mkristo. Wote wawili waliteswa kwa ajili ya neno, na mtu anayeamini kwamba Neno alifanyika mwili hawezi kuwapita kama nilivyokuwa nikilipita lile lango la Kamiti.

Baada ya hapo tulivitafuta vitabu vya gerezani makusudi. Tulisoma Safari ya Msafiri ya John Bunyan, aliyefungwa Bedford miaka kumi na miwili kwa kuhubiri bila ruhusa. Mama aliguswa zaidi na habari kwamba mwandishi alikuwa na binti kipofu aliyebaki nje. Wafilipi tuliisoma usiku mmoja, nzima, na Paulo katika minyororo akituambia furahini, tena nasema, furahini.

Novemba, jicho likiwa limefungwa bandeji, nilimsimulia barua za Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyekamatwa mwaka 1943 na kunyongwa Aprili 9, 1945, vita vikielekea kwisha. Katika barua moja ya Novemba 1943 anasema chumba cha gereza kinafanana sana na Majilio, majuma yale ya kungojea Krismasi: unangoja, unatumaini, unafanya hiki na kile, lakini mlango umefungwa na hufunguliwa kutoka nje tu. Nilipomaliza, Mama alinyosha mkono tena vile vile na kulisukuma lile komeo, safari hii kwa kulirudisha.

Jumapili ya tatu ya Majilio ikaja na Injili ya Yohana Mbatizaji akiwa gerezani, akituma watu wakamuulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Nimelisikia somo hilo tangu utoto. Mwaka huu nililisikia kama swali la mtu aliye ndani kweli, ambaye hajui nje kuna nini. Nalo jibu halikumfungulia Yohana mlango. Hilo bado linaniuma, na nimeingia nalo katika Krismasi hii.

Kwa hiyo salamu hizi ziwafikie kwanza mnaongoja: majibu ya hospitali, kazi, mtoto asiyepiga simu. Tunawataja kwa majina jioni, baada ya kusoma. Siku hizi msomaji ni Mama, kwa jicho moja jipya, na hanipi zamu.

Tarehe 25 kutakuwa na pilau na mahamri ya nazi. Mlioko Nairobi njoni baada ya ibada, na mwenye kitabu aje nacho. Mama amesema mlango hautakomewa.

Heri ya Krismasi na ya mwaka mpya,
ni mimi wenu, pamoja na Mama.