Singa haikukatika, ilichomoka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Naomba nafasi leo kwa sababu ya ile habari ya viti vya plastiki iliyochanganywa na mkonge, vile vilivyovunjika miguu kabla ya mwaka kwisha. Mwandishi wako amewaambia wasomaji kwamba mkonge ni dhaifu. Zao hili liko kwetu tangu miche 62 iliyopona safarini ilipopandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893. Ujerumani viwanda vya magari vimeweka singa zake, yaani nyuzi za majani yake, ndani ya paneli za milango. Leo limekuwa dhaifu?

Angerudi akaangalia pale mguu ulipovunjika. Akiona singa zimetokeza ndefu, safi, hazina hata chembe ya plastiki, ajue hazikukatika. Zilichomoka. Singa inapenda maji na plastiki inayakataa, kwa hiyo ukizichanganya hivi hivi hazishikani. Dawa yake mafundi tunaijua: singa ioshwe, ilowekwe kwenye maji yenye kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kama asilimia 5 ili nta na uchafu vitoke na ngozi yake ikwaruze, isuuzwe mpaka kostiki iishe, kisha ikauke kweli kweli. Ukizidisha kostiki, singa yenyewe inaharibika. Kwa plastiki ya ndoo huongezwa pia kiunganishi kidogo cha kiwandani, na moto usipite nyuzi joto 200, maana hapo singa inaanza kuungua na kugeuka kahawia.

Mimi ni fundi wa faiba, natengeneza vitu kwa nyuzi na rezini, plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, na kabla ya hapo nilifanya kazi korona, kiwanda cha kutoa singa kwenye majani ya mkonge. Mwaka 2017 nilipewa oda ya mifuniko 60 ya mashimo ya maji ya shule moja. Nilinunua robota la singa, juu jeupe linang'aa, nikalipa kwa kilo. Nilipolifungua, katikati palikuwa pa baridi na panatoa harufu ya ukungu. Siku zilikuwa zimebaki chache, nikaanika kwa siku mbili juani, nikaamini zimekauka. Hazikuwa zimekauka. Singa hata ukiiona kavu inaweza kubeba maji asilimia 10 ya uzito wake, na hizi zilibeba zaidi. Rezini ilipoanza kupata moto wa hadina, dawa ya kuigandisha, ule unyevu ukawa mvuke, mifuniko ikajaa vitundu. Masika ilipoingia, maji yakapenya kwenye vitundu, singa zikavimba, kingo zikapasuka. Mtoto mmoja alikanyaga mfuniko ukakatika, mguu ukaingia hadi gotini. Hakuumia sana, namshukuru Mungu, lakini nilirudisha fedha zote na mpaka leo nikipita karibu na shule ile naangalia chini.

Na aliyeniuzia maji kwa bei ya mkonge hajaulizwa kitu. Ndiyo mchezo ule ule wa pamba kutiwa mchanga na karafuu kuuzwa mbichi. Mkulima anaibiwa kwenye mzani akiuza, fundi anaibiwa kwenye mzani akinunua, na wa katikati anajenga ghorofa!

Ninachoomba ni hiki. Kila robota linalouzwa kwa mafundi litolewe kilo moja ya singa, itoke katikati kabisa wala si pembeni, ipimwe, ikaushwe kwenye tanuri hadi uzito uache kupungua, ipimwe tena. Tofauti iandikwe kwenye kibao kinachofungwa kwenye robota pamoja na tarehe. Tanuri moja lijengwe Muheza, karibu na mashamba, funguo akae nazo mtu asiyeuza mkonge. Mzani wa gramu ninao, nitautoa bure.

Na mwandishi wako aende akavitazame tena vile viti.

Fundi wa faiba,
Tanga