Mama, shamba lisiuzwe

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku Leicester sijambo, baridi tu ndiyo inayotutesa. Nisalimie Baba Mdogo na jirani zetu wote hapo Pangani.

Kaka kanitumia ujumbe wa sauti kwamba mnatafuta mteja wa shamba la minazi ili Zuhura apelekwe India kutibiwa moyo. Mama, nakuomba shamba lisiuzwe. Majibu ya eko, ile picha ya moyo aliyopimwa kwenye Taasisi ya Moyo pale Muhimbili nimeyasoma pamoja na nesi mmoja ninayefanya naye kazi. Moyo umetanuka na misuli imelegea. Kila pigo unasukuma asilimia 30 ya damu iliyomo, na moyo wenye afya husukuma 55 au zaidi. Hakuna tundu la kuzibwa wala mshipa wa kuzibuliwa. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 ya mwanzo baada ya kujifungua. Si jini, wala si kwamba hukumkanda vizuri. Wale waliong'ang'ania kumtibu nimonia huku miguu inamvimba bado wananikera, ila tuyaache.

Wazee ninaowahudumia huku wenye moyo uliochoka, asubuhi wanameza vidonge vilevile alivyoandikiwa Zuhura: furosemaidi ya kutoa maji, spironolaktoni, enalaprili, karvediloli. Zipo na dawa mpya za bei mbaya, sikatai, lakini hizi si dawa za kimaskini. Cha kuogopa ni kuzikatisha akijiona amepata nafuu. Wengi hupona au hupata nafuu kubwa, ila huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. India wangeenda kutuandikia hizohizo.

Sasa jikoni, Mama, hapo ndipo ninapokutegemea. Ng'onda asile kabisa, hata kipande cha kuonjea. Maharage yake yasitiwe magadi, maana nayo ni chumvi vilevile, na vile vidonge vya mchuzi vya dukani viacheni. Ndimu, tangawizi na nazi vinatosha kukoleza. Najua atanuna.

Mnunulieni mizani. Kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, apande na aandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hajanenepa. Apelekwe hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, na vivyo hivyo akianza kuomba mito ya kulalia iongezwe. Mgongo ukimuuma, asinunuliwe diklofenaki wala brufeni, zinazuia maji mwilini na kuumiza figo. Panadol inatosha. Kliniki wakisema apime damu ya figo, msiahirishe, kwa sababu baadhi ya hizo dawa hupandisha potasiamu.

La mwisho ni zito kidogo. Nimeshaongea na Zuhura na shemeji kuhusu uzazi. Mimba nyingine sasa hivi inaweza kuurudisha moyo chini kabisa, na enalaprili humdhuru mtoto tumboni. Daktari amemshauri kijiti au kitanzi. Naomba bibi zake wasianze kumwambia mtoto anahitaji mwenzie.

Hela ya dawa, mizani na nauli ya kliniki nimetuma kwenye simu ya shemeji. Kaka mwambie mteja wa shamba tumeghairi, na nazi za msimu huu azipeleke Tanga kama kawaida.

Mwanao,
Mwanaisha